Mkanda wa Tumbo: Lini Ukazwe, Lini Ulegezwe

Mkanda wa tumbo ni pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu kabisa ya tumbo la chakula, chini kidogo ya pale umio unapoishia, ili kumsaidia mtu mwenye unene uliokithiri kupunguza uzito. Upande wa ndani wa pete kuna puto linalojazwa maji ya chumvi, mithili ya mpira wa ndani wa baiskeli: likijazwa, njia ya chakula hubana, likipunguzwa, njia hupanuka. Mrija mwembamba huliunganisha puto hilo na kidude kidogo cha mviringo kilichoshonewa kwenye misuli ya tumbo, chini ya ngozi, na hapo ndipo daktari anapochoma sindano. Upasuaji ni kazi ya siku moja. Kuurekebisha mkanda ni kazi ya miaka, na ndiyo inayoamua kama mgonjwa atafaidika au atataabika.

Lubomyr Kuzmak, daktari mpasuaji wa Marekani mwenye asili ya Ukraine, alianza kufunga mikanda ya silikoni mwaka 1983. Mikanda ile ya kwanza haikuweza kukazwa wala kulegezwa. Mwaka 1986 aliongeza puto, na huko Sweden madaktari Hallberg na Forsell walikuwa wakishughulikia wazo hilohilo. Tarehe 1 Septemba 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, akaufunga mkanda wa namna hiyo kwa kupitia matundu madogo tumboni badala ya kupasua tumbo zima. Marekani iliuruhusu mwaka 2001.

Watu wengi, hata baadhi ya waliofungwa, hudhani kuwa mkanda ni lango la kuzuia chakula. Utafiti uliofanyika Melbourne, Australia, katika kituo kilichoongozwa na Profesa Paul O'Brien, ulionyesha picha tofauti. Tonge lililotafunwa vizuri halikai juu ya mkanda: umio hulisukuma kwa mikazo kadhaa, sehemu kwa sehemu, mpaka lipite lote, na huenda likachukua hadi dakika nzima. Kila linapopita huigusa mishipa ya fahamu iliyo mahali pale, nayo hupeleka ubongoni habari ya shibe. Kwa hiyo mkanda uliokaa sawa humtuliza mtu njaa, haumkabi. Anayemeza tonge la pili kabla la kwanza halijapita atalicheua, hata kama mkanda wake hauna kasoro yoyote.

Kituo hichohicho kilieneza mpango wa rangi tatu, ambao wahudumu wa sehemu nyingi wameutumia kuamua la kufanya. Manjano ni mkanda uliolegea: mgonjwa anasikia njaa muda mfupi baada ya kula, sahani yake imerudi kuwa kubwa kama zamani, anatafuta vitafunio kati ya milo, na uzito haupungui. Kijani ni pale anaposhiba kwa chakula kidogo, shibe ikadumu saa nyingi, na uzito ukashuka taratibu, kwa kawaida kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Nyekundu ni mkanda uliobana kupita kiasi: chakula kukwama, kucheua, kiungulia, na kikohozi kinachomwamsha usiku kwa sababu maji ya tumboni yanapanda kooni akilala.

Kwenye manjano huongezwa maji, kwenye kijani mkanda huachwa kama ulivyo, kwenye nyekundu maji hupunguzwa. Ni rahisi kuyasema hayo, lakini upo mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Mtu aliyebanwa mno hashindwi kula kila kitu. Hushindwa kula vyakula vigumu. Nyama inakwama, mkate laini unajiviringa na kukwama, wali mkavu nao vilevile. Polepole anahamia kwenye vinavyoteleza: aiskrimu, chokoleti, uji wa sukari, soda, maziwa yaliyotiwa ladha. Hivyo hupita mkandani bila shida, havileti shibe, na vimejaa nguvu nyingi. Uzito unapanda. Mgonjwa anakwenda kliniki na kuomba akazwe, na daktari anayetazama mizani peke yake atamkazia, kumbe alipaswa kumlegezea. Ndiyo maana swali la kwanza la mhudumu mzoefu ni, "Jana ulikula nini, na ulikitafuna vipi?" Mizani hufuata baadaye.

Marekebisho ya kwanza kwa kawaida husubiri wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, ili uvimbe uishe na mkanda utulie mahali pake. Mgonjwa hulala chali, hukaza tumbo kwa kuinua kichwa au miguu, na mhudumu hupapasa mpaka akipate kile kidude. Sindano inayotumika ni maalumu: ncha yake haikati kipande cha mpira inapoingia, kwa hiyo tundu hujifunga lenyewe sindano ikitolewa. Maji huongezwa kidogo kidogo, mara nyingi nusu mililita hadi mililita moja. Kisha mgonjwa huketi na kunywa glasi ya maji kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Maji yakisita kifuani au yakirudi, kiasi fulani hutolewa palepale. Baadhi ya vituo hutumia eksirei na kinywaji cha bariamu ili kuona jinsi njia ilivyo. Vingine hutegemea maelezo ya mgonjwa na glasi ile ya maji. Siku moja au mbili zinazofuata ni za vyakula vya majimaji.

Kulinganisha mililita kati ya mgonjwa na mgonjwa hakuna maana. Mikanda ya mwanzo yenye puto ilibeba takriban mililita 4, ya baadaye 10 au hata 14, na matumbo nayo hayafanani. Tena mkanda uleule hubadilika mwilini: wengi huuona umebana zaidi asubuhi, wakati wa msongo wa mawazo, au siku za kukaribia hedhi. Siku moja mbaya si sababu ya kuchomwa sindano.

Kuna nyakati ambapo mkanda hulegezwa bila kujali uzito: mjamzito anayetapika sana, mgonjwa mahututi, au mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji mwingine mkubwa. Kutapika kwa wiki kadhaa humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu huo unaweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu.

Wakati mwingine tatizo si kiasi cha maji. Njaa ikirudi ghafla, na sindano ikavuta maji machache kuliko yaliyowekwa, mfumo unavuja. Kidude kikipata usaha miezi au miaka baada ya upasuaji, daktari hushuku kwamba mkanda umekula ukuta wa tumbo na kuingia ndani. Na anayepata ghafla maumivu makali ya tumbo au kutapika kusikokoma, au anayeshindwa kumeza hata mate, huenda mkanda wake umeteleza. Huyo ni wa dharura, maji yote hutolewa mara moja na picha hupigwa.

Mkanda una sifa zake za kweli. Mwaka 2008 watafiti wa Melbourne, wakiongozwa na John Dixon, walichapisha jaribio la watu 60 wenye kisukari aina ya 2: kati ya waliofungwa mkanda, asilimia 73 ugonjwa wao ulitulia ndani ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata matibabu ya kawaida. Lakini ripoti ya Brussels ya mwaka 2011, iliyofuatilia wagonjwa kwa miaka 12 na zaidi, ilikuta karibu nusu yao wameshaondolewa mikanda. Nchini Marekani, mkanda uliokuwa zaidi ya theluthi moja ya upasuaji wote wa kupunguza uzito mwaka 2011 ulishuka chini ya asilimia 1 mwaka 2019, nafasi yake ikachukuliwa hasa na upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo.

Waliofungwa zamani bado wako nao, na kadiri mikanda inavyopungua ndivyo wanaojua kuirekebisha wanavyopungua. Mwenye mkanda anayehamia au kurudi nchi nyingine, iwe ni kutoka London kwenda Mombasa au Muscat kwenda Zanzibar, aombe kabla ya safari karatasi yenye aina ya mkanda, ukubwa wake, mahali kidude kilipo, na mililita zilizomo siku ya mwisho aliporekebishwa.