Kazi ya Zimamoto Inasomewa Wapi? Njia ya Kijana wa Kisii na Nyamira

Matokeo ya KCSE yakishatoka, wazazi huanza kuhesabu kozi: ualimu, uuguzi, umeme, hoteli. Kazi ya zimamoto hutajwa kwa nadra, na ikitajwa swali huwa moja: chuo chake kiko wapi? Jibu lake ni refu kidogo, na asiyelijua anaweza kulipa pesa nyingi kwa karatasi isiyomfikisha popote. Makala haya yanamweleza kijana wa Kisii na Nyamira, pamoja na mzazi wake, njia yenyewe ilivyo.

Msomaji wa Mwambao ataniuliza: ya Kisii yanatuhusu nini sisi tulio karibu kilomita 800 kutoka huko? Yanatuhusu sana. Sheria ya zimamoto ni moja, na yanayosemwa hapa kuhusu Kisii yanamhusu pia kijana wa Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River. Tena tuna watoto wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Kisii, na wenzetu wa Kisii tunao hapa; zile sanamu za mawe zinazouzwa vibandani Mombasa na Diani huchongwa Tabaka. Liko na jambo la tatu, la ajira, nitalieleza mbele.

Zimamoto ni kazi ya kaunti

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: Kenya haina jeshi moja la taifa la zimamoto. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za kuzima moto na kukabili majanga chini ya serikali za kaunti. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mabaraza ya miji, na tangu 2013 ni ya magavana na serikali zao.

Wenzetu wa Tanzania wana mpango mwingine. Wao wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sheria ya 2007, lenye nambari yake ya simu 114 na chuo chake huko Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Zanzibar nayo ina Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Kijana wa Tanga akitaka kazi hii anajua mlango wa kubisha. Kijana wa Kenya ana milango 47, na kila mmoja una ufunguo wake.

Kwa hivyo, kwetu kozi ni jambo moja na ajira ni jambo jingine. Chuo kinaweza kukupa cheti, lakini anayekuajiri ni kaunti, na kaunti huajiri ikitangaza nafasi. Atakayekuambia kwamba kozi yake ni kazi ya moja kwa moja, mtilie shaka.

Kwa nini Kisii na Nyamira

Wengi wetu hudhani Kisii ni mji mdogo wa ndizi. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860, yaani wengi kuliko Kaunti ya Mombasa iliyokuwa na 1,208,333. Nyamira ilikuwa na 605,576. Watu hao wote wamebanana kwenye vilima ambavyo gari zito la maji hupanda kwa taabu, na mvua ikinyesha njia za vijijini huteleza.

Hatari zenyewe zinajulikana. Yako masoko yenye vibanda vilivyoshikana, kama Daraja Mbili mjini Kisii. Iko barabara kuu ya A1 inayotoka Isebania mpakani kupitia Kisii kwenda Kisumu, ambapo malori ya mafuta hupita. Viko viwanda vya majani chai vya Nyamira, vyenye matanuri ya kuni na chai kavu chini ya paa moja. Iko radi, maana nyanda zile zinajulikana kwa radi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Na ziko shule za bweni.

La shule halihitaji kusimuliwa sana Mwambao. Machi 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini Bombolulu, Kwale, mlango umefungwa na madirisha yana vyuma. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilipochomwa nchini, Itierio Boys ya Kisii ilipoteza mabweni yake. Septemba 2024 watoto 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Wizara ya Elimu ilikwisha kutoa mwongozo wa usalama 2008: milango ya mabweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Mwongozo uko, wa kupita shule hadi shule kuukagua ndio wachache. Kazi ya mzima moto huanza kabla moto haujawaka, na ukaguzi ni sehemu ya kazi hiyo.

Mafunzo yenyewe ni yepi

Anayedhani kazi hii ni kushika mpira wa maji na kupuliza hajaijua. Mafunzo kamili huwa na sehemu hizi.

Kwanza ni elimu ya moto wenyewe. Moto unataka vitu vitatu: joto, kitu cha kuungua na hewa. Ondoa kimoja, moto unakufa. Mwanafunzi hujifunza aina za moto: wa vitu vikavu kama mbao na nguo, wa mafuta, wa gesi, wa madini, na wa mafuta ya kupikia. Kila aina ina dawa yake. Maji yanazima godoro, lakini ukiyamwaga kwenye karai ya mafuta yanayowaka umeueneza moto jikoni. Ndiyo sababu mitungi ya kuzimia moto ina rangi za kuitambulisha: utepe mweusi ni wa gesi ya kaboni, inayofaa penye umeme, buluu ni wa unga, rangi ya maziwa ni wa povu.

Pili ni kazi ya vifaa: kuunganisha mipira ya maji, kuendesha pampu, kusimamisha ngazi, kufunga kamba, na kuvaa mtungi wa hewa mgongoni. Hili la mtungi ndilo linalowashinda wengi. Kutambaa gizani ndani ya moshi, hewa ikihesabiwa kwa dakika, si jambo la kusomwa kitabuni. Wengi wanaokufa kwenye moto huuawa na moshi kabla ya moto kuwafikia, na muokoaji asiyejua kupumua mle ndani huwa maiti wa pili.

Tatu ni uokoaji: kumtoa mtu kwenye gari lililopondeka, kwenye kisima, kwenye jengo lililoanguka. Nne ni huduma ya kwanza. Tano ni kuwadhibiti watu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Penye lori la mafuta kazi ya kwanza ya kikosi ni kuwaondoa watu, hata kabla ya kufungua maji.

Wapi pa kusomea

Njia ya kwanza ni kuajiriwa na kaunti ukafunzwa ukiwa kazini. Wapo walioingia hivyo. Shirika la Poland liitwalo PCPM limekuwa likiwafunza wazima moto wa kaunti mbalimbali za Kenya tangu 2014, na Thika, Kaunti ya Kiambu, ni pahali pamoja palipotumika kwa mafunzo hayo. Lakini hayo ni ya walio kazini tayari.

Njia ya pili ni vyuo na mashirika yanayotoa kozi fupi za kuzima moto na huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanajulikana kwa huduma ya kwanza. Kozi hizi zina faida, lakini kozi ya siku chache humtayarisha mtu kuwa msimamizi wa usalama wa moto ofisini au kiwandani. Haimfanyi mzima moto kamili.

Njia ya tatu ni baharini. Bandari Maritime Academy ya Mombasa, iliyokuwa Bandari College hadi 2018, hufundisha mafunzo ya msingi ya usalama wa mabaharia kwa kanuni za kimataifa za STCW, na kuzima moto ni sehemu yake. Cheti hicho kinamfaa anayetaka kazi ya meli, na huhuishwa kila baada ya miaka 5. Kijana wa Nyamira asiogope kushuka pwani kukitafuta. Ila ajue kuwa moto wa meli una mafunzo yake na moto wa soko una yake. Kaunti inaweza kutaka zaidi ya hicho.

Njia ya nne ni viwanja vya ndege. Kanuni za kimataifa zinataka gari la zimamoto lifike popote kwenye njia ya ndege ndani ya dakika 3, kwa hivyo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ina vikosi vyake. Kwa mtu wa Kisii, kiwanja kikubwa cha karibu ni Kisumu.

Njia ya tano ni ya anayetaka kuwa afisa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinafundisha shahada ya kukabiliana na majanga. Iko pia mitihani ya Institution of Fire Engineers, taasisi ya Uingereza iliyoanzishwa 1918, ambayo hufanywa hatua kwa hatua mtu akiwa kazini. Na kwa wanaoikodolea macho Ghuba, waajiri wengi wa viwanda vya mafuta huko hutaja kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1001. Usilipe wakala yeyote kabla ya kuona kwa macho yako cheti gani mwajiri anachotaka.

Kabla hujalipa karo

Muulize mwenye chuo maswali haya, na uyatake majibu kwa maandishi. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi? Usajili ni wa chuo tu, au na kozi hii pia? Mtihani unasahihishwa na nani? Kama ni mafunzo ya usalama kazini, mkufunzi ameidhinishwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini? Kuna uwanja wa mazoezi, pampu, ngazi na mitungi ya hewa, au ni darasa na picha za ukutani? Saa ngapi ni za vitendo?

Chuo kisichokuwa na pampu hakiwezi kukufundisha pampu. Mzazi akiuza ng'ombe au shamba la chai kwa ajili ya cheti, aanze kwa kwenda kukiona chuo chenyewe. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Usitishwe na ofisi yenye bendera nyingi.

Kutafuta ajira

Anayeajiri kaunti ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Matangazo yake hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya kaunti. Hutaja alama ya KCSE, cheti cha kazi, na afya njema. Weka tayari cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na vibali vya KRA, HELB, EACC na vya mikopo, maana kaunti nyingi huvidai. Leseni ya udereva wa lori ni silaha kubwa: gari la zimamoto ni lori, na kikosi kisicho na dereva hakitoki kituoni.

Sasa lile jambo la tatu nililoahidi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasiotoka kabila kubwa la kaunti hiyo. Maana yake kijana wa Likoni ana haki ya kuomba kazi Nyamira, na wa Nyansiongo akaomba Mombasa. Asiambiwe arudi kwao.

Na ajira haiishii kaunti. Kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini za 2007 zinawataka waajiri wawe na kikosi cha kuzima moto, wafanye zoezi la kukimbia moto angalau mara moja kila miezi 12, na wakaguliwe kila mwaka. Viwanda vya chai, hoteli, hospitali na maghala yote yamo humo. Aliyefunzwa vizuri anaweza kupata riziki hapo akingoja tangazo la kaunti.

Pendekezo

Mji wa Keroka uko mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira. Moto ukishika soko la Keroka hauulizi mpaka. Kwa nini basi kaunti hizi mbili zisifundishe pamoja? Kisii National Polytechnic, iliyokuwa Gusii Institute of Technology, inafundisha ufundi wa magari, umeme na ujenzi. Ikiongezewa uwanja wa mazoezi, gari moja na wakufunzi waliofuzu, kozi ya zimamoto inaweza kusomewa hapo hapo, na wanafunzi wakafanya mazoezi yao kwenye vituo vya kaunti zote mbili. Nasi Mwambao, kaunti zetu sita zikiwa na Bandari Maritime Academy mlangoni, tuna udhuru gani?

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kuuzima pia kunataka wawili kushikana. Kijana aende akasome, na kaunti imwekee pa kusomea.