Seva ya Nyumbani Ngara na Biharamulo: Umeme Kwanza, Mashine Baadaye

Kompyuta inayoachwa ikiwaka usiku na mchana ili picha, vitabu na mafaili ya familia yapatikane muda wowote, yaani seva ya nyumbani, imechelewa kufika Ngara na Biharamulo. Wengi wanalaumu elimu. Wanakumbusha kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwamba wilaya za mpakani, zilizo mbali na Dar es Salaam, zilibaki nyuma zaidi. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila historia ya Ngara yenyewe haiiungi mkono. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na kambi yao ya Benaco, wilayani Ngara, ikawa kama mji kabla ya wiki kwisha. Mashirika ya misaada yakaja na redio za mawasiliano, simu za satelaiti na kompyuta. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Redio Kwizera. Mitambo hiyo yote ilifanya kazi katika vumbi lile lile na mvua zile zile. Atakayesema walikuwa na fedha na mafundi hajakosea, lakini fedha hizo zilianza kununua jenereta na dizeli. Bila hivyo fundi hodari angebaki kukodolea macho kioo cheusi.

Umeme wa majumbani ulikuwa habari nyingine. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, nje kabisa ya gridi ya taifa. Yaliyotokea humo mafundi wanayajua. Umeme ukikatika katikati ya kuweka mfumo endeshi, diski hubaki imeandikwa nusu na mashine haiwaki tena mpaka kazi irudiwe tangu mwanzo. Umeme ukirudi kwa kishindo, kinachotangulia kuungua ni pawasaplai. Betri ya UPS, ambayo kazi yake ni kumpa mtu dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu, huchakaa upesi ikimalizwa chaji kila siku. Zipo hitilafu zisizohusu umeme, sikatai: mashine ya mtumba inayokataa programu mpya kwa kuwa prosesa yake ni ya zamani, au feni iliyojaa vumbi. Hizo humalizwa kwa brashi na toleo sahihi la programu.

Sasa hali imebadilika. Njia kubwa ya umeme imefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na mradi wa Rusumo wa megawati 80, unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, unazalisha. Mkongo wa Taifa nao umefika hadi mipakani, Rusumo na Kabanga. Kuna watakaouliza: simu ipo, picha zinapanda mtandaoni zenyewe, seva ya nini? Swali hilo lina nguvu mjini kuliko hapa. Kupakia mtandaoni kunakula bando, na kuipakua tena picha hiyo hiyo kunakula bando la pili. Seva iliyo sebuleni hutumia waya au waifai ya ndani bila kuilipa kampuni ya simu hata senti.

Gharama iliyobaki ni ya LUKU. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 50 hula uniti 36 kwa mwezi, karibu nusu ya zile 75 ambazo mteja mdogo wa TANESCO amekuwa akizipata kwa bei nafuu. Laptopu kuukuu ya wati 20 hula uniti 14 na ushei, na ina betri yake ndani. Kwa hiyo anayetaka kuanza Ngara au Biharamulo asiikimbilie mashine kubwa. Atafute laptopu iliyovunjika kioo lakini betri yake bado nzima, anunue stabilaiza kabla ya diski ya pili, na kazi ya kuweka mfumo aifanye betri ikiwa imejaa.