Ardhi "tupu" na detektere: nani anatoa ruhusa ya kutafuta chini ya udongo wa Maniema?

Ulizo hili linafika kwenye redio yetu mara kwa mara, na zaidi linatoka kwa familia zilizokimbia vita ambazo sasa zinakaa kwa ndugu zao hapa Kindu, ndani ya Kasuku, Mikelenge ao ng'ambo ya Alunguli. Wanasema: kule tulikotoka kijiji kimebaki bila watu. Tumesikia kwamba kuna wageni wanatembea ndani ya mashamba yetu na detektere, ile mashini inayolia ikisikia madini ao chuma chini ya udongo. Wakiulizwa, wanajibu kwamba walipewa ruhusa, kwa sababu ardhi ile ni tupu, haina mwenyewe. Je, ruhusa hiyo ni ya kweli? Ni nani anaweza kuitoa?

Jibu lipo, na nitalitoa. Lakini maneno hayo, "ardhi tupu", hayakuzaliwa jana. Yamefanya kazi kubwa katika jimbo letu kwa miaka zaidi ya 130, na mtu asiyejua yalikotoka atashindwa kujitetea mbele yao.

Tarehe 1 Julai 1885, Francis de Winton, Mwingereza aliyekuwa mtawala mkuu wa dola la mfalme Leopold II, alitia sahihi agizo juu ya ardhi. Makao yake yalikuwa Vivi, karibu na Matadi ya leo. Agizo lilisema mambo mawili pamoja. Kwanza, wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikaa. Pili, ardhi tupu ihesabiwe kuwa mali ya Serikali, na mtu asiikalie bila hati. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni sheria ya haki. Shida ilikuwa neno moja: tupu kwa macho ya nani?

Mwaka ule hapa Maniema hapakuwa na Bulamatari. Wenye nguvu walikuwa Tippu Tip na watu wake, na miji ilikuwa Nyangwe na Kasongo. Huko Vivi karatasi ilikuwa imekwisha kusema pori la Maniema ni la nani, wakati watu wa pori hilo hawajawahi hata kusikia jina la de Winton. Ni baada ya majeshi ya Dhanis kuiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, kisha Kasongo mwezi wa Aprili, ndipo ile karatasi ikaanza kuuma huku kwetu.

Na iliuma namna gani? Kila mtu aliyekulia kijijini anajua shamba la huku halilimwi mwaka hadi mwaka mahali pamoja. Unakata pori, unapanda mpunga ao muhogo, udongo ukichoka unauacha upumzike na unasogea. Baada ya miaka unarudi, ama mtoto wako anarudi. Kijiji chenyewe kilikuwa kinahama. Mahali palipoachwa tunapaita matongo, na wazee wanapajua bila ramani: mingazi iliyosimama katikati ya pori, mwembe mmoja mkubwa, makaburi. Tena kuna pori la kuwinda, kijito cha kuvua samaki, mahali pa kuokota viwavi na uyoga. Vyote vina wenyewe, na ukoo wa jirani unajua mpaka uko wapi. Lakini mtumishi wa Serikali alipopita na daftari yake, aliona nyumba na bustani, akaandika kwamba zina watu. Mengine yote akaandika: tupu.

Amri nyingine ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kupanua maana hiyo, ikitaja ardhi ambayo wenyeji wanaikaa, wanailima ao wanaitumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao. Hayo ni maneno mazuri, lakini yalifika wakati sehemu kubwa ya Maniema ilikuwa imeshagawiwa.

Maana tarehe 4 Januari 1902 iliundwa kampuni ya reli, CFL, chini ya tajiri wa Ubelgiji aliyeitwa Empain. Kazi yake ilikuwa kuunganisha Lualaba na maziwa makubwa kwa reli na meli. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwishoni mwa 1910, na muji wetu ukabandikwa jina la tajiri yule: Kindu-Port-Empain. Wazee wengine bado wanalikumbuka. Lakini malipo ya reli hayakuwa tikiti tu. Serikali iliipa CFL haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi pamoja na madini yaliyomo chini. Hekta milioni 4 ni kilometa za mraba 40.000, zaidi ya nchi nzima ya Ubelgiji. Kutoa zawadi ya ukubwa huo kunawezekana tu kama umekwisha kuamua kwamba haina watu.

Hapo ndipo ruhusa ya kutafuta chini ya udongo ilipohama. Zamani mgeni aliyetaka kuchimba alimwendea mzee wa ukoo. Sasa mtafutaji alifika na barua ya kampuni. Mashini hakuwa nayo. Detektere ya wakati ule ilikuwa karai, koleo, na vijana wa kijiji waliojua vijito vyote, ambao bila wao mzungu asingefika mbali. Mwaka wa 1923 ilizaliwa Minière des Grands Lacs, kampuni ya kundi hilo hilo la Empain, kwa ajili ya dhahabu. Mwaka wa 1932 ikafuata Symétain, ya kasiterite, na Kalima ikawa muji wa machimbo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wajapani walipoteka Malaya, bati la Kalima lilitafutwa sana na mataifa yaliyopigana nao.

Serikali ya kikoloni yenyewe iliona kwamba mambo hayakuwa safi. Kwa amri ya tarehe 31 Mei 1934 iliweka utaratibu wa kufanya uchunguzi kabla ya kutangaza kwamba ardhi ni tupu: wenyeji waitwe, waulizwe kama wana haki yoyote hapo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo amri muhimu kuliko zote katika historia hii. Si kwa sababu ilifuatwa vizuri. Mkulima aliyeulizwa mbele ya askari na wakubwa, angejibu nini? Lakini inaonyesha kwamba hata mkoloni alikubali jambo moja: utupu wa ardhi hauonekani kwa macho. Lazima kuuliza watu.

Baada ya uhuru tulitegemea kwamba mambo yatageuka. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria inayoitwa ya Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeileta. Serikali ilijirudishia haki zote za ardhi na madini zilizotolewa na mkoloni. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini ardhi ilirudi kwa Serikali, si kwa ukoo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikakaza fundo: kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Vifungu vya 387 na 388 vinaingiza humo hata ardhi ambazo jamii za kijijini zinazikaa, zinazilima ao zinazitumia kwa desturi. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais itakayoeleza haki za watu hao ni zipi. Miongo ya miaka ilipita bila amri hiyo kutoka. Ndiyo sababu mkulima wa Pangi ao Kabambare ana haki ambayo kila mtu anaitambua, lakini karatasi yake hakuna.

Machimbo nayo yaliendelea. Mwaka wa 1976 kampuni za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki. Mwaka wa 1982 Serikali ya Zaire iliwaruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono, na tangu hapo neno krezere likaingia kila nyumba. Watu wengi walichukua ruhusa ile kama ruhusa ya kuchimba popote, na wengi wanaichukua hivyo mpaka leo.

Sasa nirudi kwenye ulizo. Sheria inayotawala madini ni Kanuni ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kwa mujibu wake, kuna milango miwili, na mwenye detektere anapaswa kupita yote miwili.

Mlango wa kwanza ni wa chini ya udongo. Madini ni ya Serikali. Mchimbaji mdogo lazima awe Mkongomani mwenye umri wa utu uzima, awe na karte ya mchimbaji, na tangu 2018 awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Na karte hiyo haimruhusu kutembea popote: inafanya kazi ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji mdogo, ambalo wakubwa wa madini wanaliita ZEA. Mtu anayekuonyesha karte nje ya eneo hilo amekuonyesha karatasi isiyo na nguvu mahali aliposimama. Chifu wa kijiji ni mtu wa heshima, na kupita bila kumsalimia ni makosa. Lakini hawezi kugawa madini, hata akipewa mbuzi wawili.

Mlango wa pili ni wa juu ya udongo, na huu ndio unaowahusu waliokimbia. Kifungu cha 279 cha Kanuni ya 2002 kinakataza kukalia ardhi kwa kazi ya madini, bila ukubali wa mwenyewe ao mkaaji halali, mahali palipo chini ya meta 180 kutoka kwenye nyumba. Na kifungu kinaeleza ni nyumba gani: zenye watu, zisizo na watu, na zile ambazo kwa muda tu hazina watu. Chini ya meta 45 kutoka shamba lililolimwa, hivyo hivyo. Makaburi nayo yamo, na mahali penye mabaki ya kale, ambapo lazima ukubali wa wakubwa wanaohusika. Nimewasomea wasikilizaji kifungu hiki mara nyingi, na kila mara kuna mtu anaomba nirudie yale maneno "kwa muda tu". Nyumba yako ya Salamabila ao ya mahali pengine, ambayo uliifunga kwa kamba siku ya risasi, sheria haiiti tupu. Na kifungu hiki kinazuia hata kampuni yenye hati kubwa. Sembuse kijana mwenye mashini na mfuko mgongoni?

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, nayo inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Neno "desturi" limeandikwa humo. Tusiliache.

Kuna mambo mengine mawili juu ya mashini yenyewe. Detektere hailii kwa dhahabu peke yake. Inalia kwa msumari, kwa risasi, na kwa bomu ambalo halijalipuka. Maniema iliona vita vya 1964, wakati Wasimba walipochukua Kindu mwezi wa Julai na jeshi likairudisha mwezi wa Novemba. Iliona tena vita kuanzia 1998. Wataalamu wa kutegua mabomu wanatumia mashini za aina hiyo, lakini wamefundishwa jinsi ya kuchimba baada ya mlio. Mtafuta dhahabu anachimba kwa jembe, na akiona kitu asichokijua anakiacha juu ya ardhi, watoto watakikuta.

Kisha kuna hadithi za mali iliyofukiwa, eti Waarabu waliacha pembe na dhahabu, eti Wabelgiji walizika sanduku mwaka wa 1960. Hadithi hizo zinaharibu mahali pa kale. Karibu na Kasongo kuna mahali panapoitwa Tongoni, palipokuwa muji wa Waswahili kabla ya vita vya 1893. Jina lenyewe linasema: kwenye matongo. Mpita njia anaona majani na miti tu. Lakini kikundi cha wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Noemie Arazi pamoja na wenzake Wakongomani, kilifanya kazi huko, kikichimba polepole na kuwasikiliza wazee wa Kasongo, na mwaka wa 2020 matokeo yao yalitoka katika jarida la Antiquity. Shanga moja ikitolewa bila kuandikwa ilikuwa mahali gani, haisemi kitu tena. Nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za kale tangu tarehe 15 Machi 1971, na inawahusu hata wale wanaochimba usiku.

Kwa familia zilizo hapa Kindu na zinazosikia habari za mashini kule nyumbani, ushauri wangu ni wa kazi. Kaeni na majirani wenu wa kule mliokimbia nao, muandike pamoja: kijito kinachopakana na shamba, mingazi mingapi, ilipandwa na nani, makaburi ya nani yako wapi, nyumba ngapi. Muandike tarehe mliyotoka na sababu. Chifu wenu akiwa naye amekimbia, atie sahihi. Peleka nakala moja kwenye ofisi ya teritware yenu ao kwa wajumbe wake walio hapa, nyingine kwa Diviziyo ya Madini ya jimbo, na uombe muhuri wa kupokea juu ya ile inayobaki mkononi mwako.