Daftari la Unyambwa na Mlinzi Wake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili husemwa juu ya biashara, lakini laifaa historia vilevile. Watu wasio na daftari lao hulazimika kusoma habari zao katika daftari la wengine, na mwenye kalamu huandika aonavyo yeye.

Unyambwa, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida, ni mahali pafaapo kuipima methali hiyo. Imo katika nchi ya Wanyaturu, na mengi yaliyoandikwa juu ya nchi hiyo yaliandikwa na wageni yakawekwa mbali. Eberhard von Sick alichapisha habari za Wanyaturu kwa Kijerumani mwaka 1915. Waingereza nao walijaza vitabu vya wilaya kwa lugha yao. Siku hizi mitambo ya kompyuta imeanza kuufupisha umbali huo. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani imezipiga picha faili za iliyokuwa Wizara ya Makoloni na kuzifungua katika intaneti, hata mwanafunzi wa Singida aweza kuzitazama asivuke bahari.

Faida hiyo ni kubwa. Ila picha ya waraka hairekebishi neno hata moja lililomo ndani yake. Mifano miwili yatosha kuonyesha hivyo.

Wa kwanza ni Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi husema kuwa aliyatuma makundi ya nyuki yawashambulie askari. Mkuu wa boma aandikapo ripoti kwa gavana huhesabu bunduki na kodi. Mzee asimuliapo kwa wajukuu hueleza kwa nini watu walithubutu. Marguerite Jellicoe alipochapisha makala juu ya upinzani wa Wanyaturu mwaka 1969, somo hilo lilipata mahali katika elimu ya chuo. Leo uwanja wa mpira mjini Singida una jina la Liti. Jina hilo lilidumu vinywani mwa watu kabla halijaandikwa ukutani.

Wa pili ni mashauri ya watu-simba. Katika miaka ya 1946 na 1947 watu wengi waliuawa wilayani Singida kwa majeraha yaliyofanana na ya simba, na serikali ya Kiingereza ikaamini kuwa wauaji walikuwa wanadamu. Watu walikamatwa, wakashtakiwa na kuhukumiwa. Harold Schneider, mwanachuoni wa Kimarekani aliyekaa na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alitoa makala mwaka 1962 ya kuyapima upya maelezo hayo. Faili la mashauri likifunguliwa kwa ulimwengu bila uchunguzi wa namna hiyo kando yake, tuhuma hugeuka historia, na wajukuu wa mshtakiwa huirithi aibu wasiyopata nafasi ya kuijibu.

Tena yako mambo yasiyotaka kufunguliwa. Wanawake wa Kinyaturu walikuwa na imaa, ibada ambayo mwanamume hakuruhusiwa kuiona. Wataalamu wameiandika, lakini kuandikwa si ruhusa ya kuanikwa mbele ya kila jicho. Sheria ya Nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002 huzifungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30. Siri ya imaa si mali ya serikali, wala haihesabiwi kwa miaka.

Njia iliyo bora imekwisha kuonekana kwa jirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo za Wakipsigis nchini Kenya. Mwaka 2014 nakala zake zilirudishwa kijijini, na wazee waliokuwa vijana wakati ule wakazisikia sauti zao wenyewe. Hapo hifadhi ilitoka kuwa ghala ikawa mazungumzo: mwenye sauti aliweza kusema nani aliimba, na kwa sababu gani.

Unyambwa yastahili vivyo hivyo. Nyaraka zipigwe picha, naam. Kisha zisomwe kwa Kinyaturu mbele ya wenyeji, na jibu lao liandikwe pembeni pa kila ukurasa, na lile walikatazalo lifungwe. Mtambo hutunza maandishi. Kuyatunza maana yake ni kazi ya watu, na watu hao wasipoulizwa wangali hai, daftari litabaki zima na habari itakuwa imepotea.