Mzee akisahau, mtani humsitiri

Hivi karibuni nilikwenda Magole, wilayani Kilosa, kumwamkia bibi yangu mzaa mama. Nilipobisha hodi alicheka na kusema, "Karibu mume wangu!" Nami, kwa ujinga wa watu wa mjini, nikamuuliza, "Bibi, mimi ni nani?"

Akanyamaza, akashika ncha ya kanga yake. Aliyemwokoa ni mtani wake, mzee wa rika lake. "Mume gani huyu mwenye mvi? Huyu si wa binti yako, aliyezaliwa vijana wetu walipokwenda kupigana na Idi Amin?" Bibi akacheka, akanitaja jina.

Ndipo nilipoelewa. "Mume wangu" lilikuwa neno la utani, na lilikuwa pia ngao. Bibi humwita hivyo kila mjukuu wa kiume, hivyo hahitaji kukumbuka jina la yeyote.

Utani si mchezo wa jana. T. O. Beidelman, msomi Mmarekani aliyeanza kuishi na Wakaguru mwaka 1957, aliuandikia sana. Mtani alishughulikia maziko na kuondoa mikosi, na alikuwa na ruhusa ya kusema hadharani yale ambayo ndugu huona haya kuyasema. Kosa la mzee likisemwa na mtani, huwa kichekesho, si aibu.

Hata miaka ilihifadhiwa na wengi. Wazee wasio na cheti cha kuzaliwa walihesabu kwa matukio: vita vya Wajerumani na Waingereza, Uhuru wa 1961, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mmoja akisahau, jirani alijazia.

Lakini majirani wakitawanyika, nani atajazia? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi nchini. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika, na watu wa Magole na Dumila wakapoteza nyumba. Nasi wajukuu tumehamia mijini. Mzee anabaki na kumbukumbu zisizo na shahidi.

Hata hivyo, ngao hiyo inaweza kuficha ugonjwa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo, yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, yalionyesha kuwa takriban 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Baadaye kiliandaliwa kipimo kinachomfaa hata asiyesoma. Moja ya maswali yake ni: daraja ni nini? Mzee wa Magole hatashindwa kirahisi, maana amewahi kuliona maji yakilishinda.

Kusahau jina la mjukuu anayekuja mara moja kwa mwaka si ajabu. Mzee akianza kupotea njia ya kisimani au kuacha chungu kikiungua kila siku, huo si uzee tu wala si uchawi. Apelekwe hospitali.

Nasi tuache kuwatahini wazee wetu. Siku ya kuondoka nilimwamkia bibi tena, safari hii nikajitaja kwanza, na jina la mama yangu. Akajibu haraka, "Kwani nimekuuliza?"

Tukutane juma lijalo.