Mwiba wa Shaba Ndani ya Kinu cha Nyuklia

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Juma hili tuutazame mwiba usioonekana kwa macho, ulioingia katika chuma kinene na kufunga mitambo mikubwa.

Moyo wa kinu cha nyuklia hukaa ndani ya pipa la feleji ambalo ukuta wake waweza kufikia unene wa sentimita 20. Pampu huchakaa zikabadilishwa. Pipa hilo halibadilishwi. Afya yake ndiyo usalama wa majirani wote.

Katika miaka ya 1960, huko Marekani, nyaya za kuchomelea mapipa hayo zilipakwa shaba ili zisishike kutu. Nia ilikuwa njema, lakini shaba hiyo iliyeyuka ikaingia katika viungo. Kinu kilipowashwa, chembe ziitwazo nyutroni zilikipiga chuma usiku na mchana, na atomu za shaba zilizotawanyika humo zikasogeleana zikawa vidonge. Ukigawa milimita moja mara milioni, kidonge kimoja ni vipande viwili au vitatu tu vya mgawo huo. Chuma hupinda kwa sababu tabaka za atomu zake huteleza. Vidonge hivyo huzizuia, na chuma kisichoweza kupinda, kikipatwa na baridi ya ghafla, chaweza kupasuka kama glasi ya moto iliyotiwa maji baridi.

Na baridi ya ghafla si hadithi. Machi 20, 1978, katika kinu cha Rancho Seco, California, fundi aliangusha balbu ndogo ndani ya meza ya kuongozea mitambo. Vipimo vikapotea, maji baridi yakaingia, na joto likashuka kwa zaidi ya digrii 150 za Selsiasi katika muda wa saa moja hivi. Pipa lilinusurika, maana lilikuwa bado changa.

Je, lingekuwa zee? Swali hilo ndilo lililokiangusha kinu cha Yankee Rowe, Massachusetts, kilichoanza kazi mwaka 1960. Hapakuwa na kumbukumbu za kutosha kuonyesha viungo vyake vilikuwa na shaba kiasi gani. Kilizimwa Oktoba 1991, na Februari 1992 wenyewe wakaamua kisiwashwe tena.

Wasovieti walishika njia ya mhunzi. Mwaka 1987, huko Novovoronezh, walitoa maji na mafuta ya nyuklia, wakashusha tanuri la umeme ndani ya pipa, wakakipasha moto kiungo kilichodhoofika. Siri yake ni hii: katika joto la kazi, karibu digrii 270, vidonge hutulia miaka na miaka. Joto likifika 450 na kuendelea, vile vidogo huyeyuka, na shaba yake huhamia kwa vichache vinavyonenepa. Vikubwa hivyo hukaa mbalimbali, na chuma hupata njia ya kuteleza tena. Kinu kikirudi kazini, shaba iliyobaki huru ni kidogo, hivyo ugonjwa haurudi kwa kasi ile ya kwanza.

Ufini walifanya hivyo katika kinu cha Loviisa mwaka 1996, kwa digrii 475, muda wa saa 100. Armenia, nchi iliyowahi kuonja majira ya baridi bila umeme baada ya kinu chake kufungwa mwaka 1989, ilitibu pipa la Metsamor mwaka 2021.

Hata hivyo, moto pekee hautoshi. Vinu vya kwanza vya Kisovieti havikuwekewa vipande vya chuma vya majaribio, ikabidi mafundi wakwangue kuta zenyewe wapate cha kupima. Anayejenga leo na aweke akiba ya kipande na karatasi ya kumbukumbu. Mjukuu atakayeulizwa kama ukuta ni salama hatajibu kwa kukisia.

Tukutane juma lijalo.