Kutoka Gobore Mpaka Printa: Historia ya Fundi wa Bunduki Asiyejulikana Jina

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo. Tunaongelea watu ambao hakuna anayewajua kwa majina, hawana picha, hawana wafuasi, lakini kazi ya mikono yao imeacha alama kubwa Afrika Mashariki. Ni mafundi wa bunduki za kienyeji.

Kwa nini leo? Kwa sababu dunia nzima inabishana kuhusu printa za 3D, zile mashine zinazoyeyusha plastiki na kuijenga tabaka juu ya tabaka mpaka unapata kitu kamili. Mei 2013 Mmarekani mmoja wa Texas, Cody Wilson, aliweka mtandaoni faili za bastola ya plastiki aliyoiita Liberator. Ndani ya siku 2 tu zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara 100,000. Serikali ya Marekani ikaagiza ziondolewe, lakini wote tunajua kitu kikishaingia mtandaoni hakitoki.

Sasa utauliza, hii inamhusu nini mtu wa Kisongo anayewahi mnadani au anayesubiri ndege pale uwanja wa Arusha? Inamhusu sana. Swali la nani aruhusiwe kutengeneza silaha limejibiwa huku kwetu kwa namna tofauti, tena mara nyingi, kabla hata umeme haujafika.

Muhunzi aliogopwa, na alifahamika

Tuanze na Wamasai, maana hata jina la Kisongo ni la kundi lao mojawapo kubwa. Mkuki na sime ya morani havikutengenezwa na morani mwenyewe. Vilifuliwa na Ilkunono, koo za wahunzi. Na hapa pana maajabu: jamii iliyomsifu shujaa kwa mkuki wake ndiyo hiyo hiyo iliyomtenga aliyeufua. Watu wengine hawakuoana na Ilkunono, na kitu kilichotoka mikononi mwao kilipakwa mafuta kwanza ili kukitakasa.

Ukishuka Upareni, mambo yalikuwa tofauti. Kule Ugweno, ukoo wa Washana, wahunzi wa chuma, ndio waliotawala, mpaka Wasuya walipowapindua karne nyingi zilizopita. Hata baada ya kupoteza utawala, Washana waliendelea kufua chuma na kuheshimiwa kwa kazi hiyo. Ukiwa na rafiki anaitwa Mshana, sasa unajua jina lake limebeba nini.

Ukweli ni kwamba kumtenga mtu kwa sababu ya ukoo wake ni uonevu, hatuwezi kuupamba. Ila angalia kitu kimoja. Iwe kwa kutengwa au kwa kuheshimiwa, kijiji kizima kilimjua fundi ni nani, anakaa wapi, na amemuuzia nani. Udhibiti wa silaha ulianza kwa kumjua mtengenezaji.

Gumegume ruksa, bunduki ya kisasa marufuku

Karne ya 19 biashara ya pembe na watumwa ikaleta bunduki kwa makumi ya maelfu kupitia Zanzibar na pwani. Nyingi zilikuwa mitumba ya Ulaya, silaha ambazo majeshi ya kule yalikuwa yameshaachana nazo. Bunduki hizo ndizo zilizowapa nguvu wakubwa kama Mirambo wa Unyamwezi.

Wakoloni walipoingia wakaona hatari. Julai 1890 mataifa yakasaini mkataba kule Brussels. Wengi wanaukumbuka kama mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na Tanzania yote imo humo. Ila zile za zamani za gumegume, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti.

Maana yake nini? Mwafrika alibaki na silaha ya babu, mkoloni akabaki na ya kisasa. Huku Arusha matokeo yalionekana haraka. Oktoba 1896 wamisionari wawili waliuawa Meru, kisha jeshi la Wajerumani likaja na bunduki za kisasa pamoja na wapiganaji kutoka Uchagani. Wameru na Waarusha silaha yao kuu ilikuwa mkuki. Walichapwa, ng'ombe wakachukuliwa, na miaka michache baadaye wakalazimishwa kujenga boma la Wajerumani, lile jengo jeupe ambalo leo ni makumbusho pale mjini. Siku ukienda kupiga picha pale, kumbuka hilo.

Kwenye Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wapiganaji wa kusini walikabili bunduki za rashasha wakiwa na mikuki, mishale na bunduki za kushindilia.

Na ndiyo chanzo cha gobore kudumu. Bunduki ya kushindilia baruti na marisau ni rahisi kuelewa. Ikiharibika, muhunzi wa kijijini anaikarabati. Anayejua kukarabati haichukui muda atajua kutengeneza mpya. Mkulima akalitumia gobore kufukuza nguruwe na nyani shambani. Jangili akalitumia kwa mambo yake, na mwizi naye hivyo hivyo.

Karamoja: kabla ya AK-47

Kisa kinachoshangaza zaidi kiko Uganda. Miaka ya 1970 wafugaji wa Karamoja walikuwa wanavamiwa na majirani wenye bunduki, na utawala wa Idi Amin haukuwasaidia. Mafundi wao wakaanza kutengeneza bunduki kwa mabomba ya chuma, wakaziita amatidai. Hazikuwa nzuri, na aliyeishika alikuwa hatarini karibu sawa na aliyelengwa.

Halafu 1979 Amin akaanguka, askari wakakimbia kambi ya Moroto, na ghala la silaha likabaki wazi. Wakaramoja wakajichukulia bunduki za kiwandani. Amatidai zikakosa soko mara moja, na wizi wa ng'ombe uliokuwa unaua wachache ukaanza kuua wengi.

Myanmar imepita njia inayofanana. Baada ya jeshi kupindua serikali Februari 2021, baadhi ya vijana wa upinzani walianza na bunduki za kuchapwa kwa printa. Walivyozidi kupata za kiwandani, umuhimu wa zile za printa ukapungua. Kwa hiyo fundi wa kienyeji anashika nafasi pale mtu anapojiona hana ulinzi na hana njia nyingine. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuilaumu mashine.

Tokomeza ilitufundisha nini

Serikali ikiogopa silaha haramu, jibu rahisi ni msako. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Tembo walikuwa wanaisha kweli, hilo halina ubishi, na silaha zilikamatwa, magobore yakiwemo. Lakini taarifa zilianza kumiminika bungeni: watu kuteswa, wengine kufa, mifugo kuuawa, nyumba kuchomwa. Mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasimamishwa, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao kwa siku moja. Si mchezo.

Njia nyingine ni ya upole. Tanzania imo katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo, inayotaka kila silaha iwekwe alama inapotengenezwa ili ifuatiliwe. Mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Na kuna msamaha wa Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga: unasalimisha silaha kituoni au kwa mtendaji, hushtakiwi kwa kuimiliki. Magobore mengi yametoka majumbani kwa njia hii, bila mtu kupigwa hata kofi.

Printa inabadilisha nini hasa

Turudi kwenye plastiki. Mfumo wa leo unasimama juu ya nguzo mbili: fundi anajulikana na silaha ina namba. Printa inayumbisha zote. Bunduki haina namba, na fundi anaweza kuwa mtu yeyote aliyejifungia chumbani. Japani, nchi yenye sheria kali kuliko nyingi duniani, ilimfunga mtu miaka 2 mwaka 2014 kwa bunduki za printa. Lakini Julai 8, 2022 waziri mkuu wao wa zamani, Shinzo Abe, aliuawa kwa bunduki ya kienyeji iliyoundwa kwa mabomba. Hapakuwa na printa pale. Lilikuwa gobore, bana.

Ndiyo maana wale wanaosema "pigeni marufuku printa" siwaelewi. Huku kwetu mashine hizi ni za wanafunzi, wabunifu na mafundi wa vipuri. Mwaka 2013 kijana wa Togo, Afate Gnikou, aliunda printa ya 3D kwa makapi ya kompyuta. Kipaji kama hicho kipo Ngarenaro, kipo Sakina, kipo Kisongo. Tukianza kumshuku kila kijana mwenye mashine, tutakuwa tunarudia kosa la Ilkunono: kumtenga fundi ilhali tunahitaji kazi yake. Na tukituma msako, Tokomeza imeshatuonyesha nani anaumia.

Lakini wanaosema "ni faili tu, acheni uhuru" nao wanajidanganya. Huyo anayepigwa risasi kwenye bodaboda usiku hajali kama bunduki ilitoka kiwandani au chumbani kwa mtu.

Mimi naona pa kubana ni kwenye risasi. Printa inaweza kutoa mtutu wa plastiki, lakini risasi ya kisasa inahitaji baruti na fataki yake, na hivyo havichapwi. Hata wale wa Brussels 1890 walilijua hilo, ndiyo maana waliandika baruti pamoja na bunduki. Dhibiti risasi kwa nguvu zote, muadhibu anayetengeneza silaha bila kibali, endeleza msamaha wa Septemba, halafu muache fundi mwenye printa ajulikane mtaani kwake kwa jina lake na kazi yake. Kijiji cha zamani kilimjua muhunzi wake, na sisi tunaweza kumjua wetu bila kumpaka mafuta ya kumtakasa.

Wewe unaonaje? Babu yako alikuwa na gobore? Lilitumika kwa kazi gani, na liliishia wapi? Shusha maoni yako, tusomane.